Hospitali haina, barabara inayo: sheria za dawa za kulevya na wagonjwa wetu hapa Bukavu

Muuguzi_Kadutu (mwanzilishi wa uzi)

Habari za usiku ndugu zangu wa Bukavu, wa Goma, wa Lubumbashi na popote mnaposomea. Uzi ni mrefu, nawaomba mvumilie.

Mimi ni muuguzi, mwaka wa kumi na moja huu niko na wagonjwa wa akili na wa kifafa. Mwezi uliopita mama mmoja alimleta kijana wake juu ya pikipiki, motari mbele, kijana katikati amefungwa kwa kitenge asianguke, mjomba nyuma amemkumbatia. Ana kifafa tangu utotoni. Miaka minne alikuwa ametulia kabisa kwa fenobarbitali, ile ambayo wengi tunaiita Gardénal. Akarudi shule, akajifunza useremala. Halafu dawa ikakosekana wiki tatu. Siku ile walipofika alikuwa ameanguka mara sita tangu alfajiri, degedege moja halijaisha lingine limeanza. Wanaojua dawa hii wanajua kwamba kuiacha ghafla ni hatari kubwa. Kabatini nilikuwa na ampuli mbili tu za diazepamu, dawa ya kuzima degedege. Mbili! Tulimrudisha, Mungu asifiwe, lakini mkono wake wa kuume haujawa kama zamani na sijui kama atashika randa tena.

Alipolala nilitoka nje kupunga hewa. Hatua chache kutoka getini kuna vijana wenye sinia. Wanauza sigara, biskuti, na chini ya biskuti wanauza diazepamu kidonge kimoja kimoja na tramadoli, dawa ya maumivu, za rangi rangi. Nilisimama pale nikakosa la kusema. Sheria imetungwa ili dawa hizi zisifike barabarani. Barabarani zimefika. Zilikoshindwa kufika ni kwenye kabati langu.

Tangu siku hiyo ninasoma usiku. Niwaambie nilichokikuta.

Kuna mikataba ya dunia nzima, na nchi yetu imo. Wa 1961 unahusu morfini, bangi, kokeini na jamaa zao. Wa 1971, uliotiwa saini Vienna, unahusu dawa zinazogusa akili, na umezipanga katika majedwali manne. Jedwali la I ni la zile zilizohesabiwa kuwa hatari sana na zenye faida ndogo ya tiba au zisizo nayo: LSD inayomfanya mtu aone yasiyokuwepo, psilosibini ambayo hutoka kwenye uyoga, na tangu 1986 MDMA, ile ya barabarani inayoitwa ecstasy. Jedwali la IV ndilo jepesi kuliko yote. Humo ndimo ilimo diazepamu, na humo ndimo ilimo fenobarbitali, dawa inayotibu kifafa tangu 1912, ya bei ndogo sana, na iliyo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kwa hiyo dawa ya yule seremala wangu inasafiri na karatasi za ulinzi ambazo dawa ya shinikizo la damu haizihitaji.

Hilo ni la tiba. La utafiti ndilo lililoniuma zaidi, kwa sababu sikulijua kabisa.

LSD ilitengenezwa na Albert Hofmann katika kampuni ya Sandoz, Basel, mwaka 1938, na nguvu yake ikajulikana 1943. Kwa miaka kama ishirini baada ya hapo ilikuwa dawa ya kuchunguzwa hospitalini kama dawa nyingine. Mwaka 2012 watafiti wa Norway walikusanya majaribio sita ya zamani, ya kati ya 1966 na 1970, yenye wagonjwa 536 wa ulevi wa pombe. Katika waliopewa LSD, 59% walipata nafuu. Katika wale wengine, 38%. Ulevi, ndugu zangu! Nani hapa Kadutu hana jirani anayekufa taratibu kwa kanyanga? Mimi sisemi LSD ndiyo dawa ya kanyanga. Ninachosema ni kwamba swali lilikuwa limeanza kujibiwa, kisha mlango ukafungwa, na ukakaa umefungwa miongo. Mkataba wa 1971 haukukataza utafiti. Unauruhusu, lakini katika taasisi zilizo chini ya serikali au zilizopewa ruhusa maalumu, na watu wenye vibali, na ulinzi juu ya kila gramu. Chuo kikuu tajiri kinachoka na masharti hayo, sembuse chetu.

Halafu ni duara. Dawa imewekwa Jedwali la I kwa sababu haina ushahidi wa tiba. Ushahidi haupatikani kwa sababu dawa iko Jedwali la I. Mtu atatokea wapi?

Linganisheni na ketamini. Hii mnaijua, kila chumba cha upasuaji Kivu kinaitumia, hata pale ambapo hakuna umeme wala mashine ya oksijeni. Haimo katika mikataba ile. Mwaka 2000 madaktari wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, waliwapa ketamini kidogo watu saba wenye sonona, ile huzuni nzito inayomlaza mtu, na wakaona nafuu inakuja kwa saa badala ya wiki. Utafiti uliendelea, hadi Machi 2019 Marekani ikaidhinisha dawa ya sonona iliyotokana nayo. Iliwezekana kwa sababu dawa ilikuwa tayari kwenye rafu, daktari ananyoosha mkono. Na mwaka 2015 China ilipendekeza ketamini nayo iingizwe kwenye mkataba wa 1971. Shirika la Afya Duniani lilipinga, likisema nchi maskini zitabaki bila dawa ya kumlaza mgonjwa wa kupasuliwa. Pendekezo likawekwa kando. Ninapolifikiria lile pendekezo namfikiria kila mama aliyepasuliwa usiku katika vituo vyetu vya milimani.

Naomba maoni yenu, hasa ninyi wa farmasi.

---

Mama Neema, Bagira

Muuguzi, asante. Nimesoma nikilia. Neema wangu ana miaka 14, anatumia hiyohiyo Gardénal. Tangu vita viingie mjini Februari 2025 nimeshaikosa mara tatu. Mara ya kwanza nilimpa nusu ya kipimo ili zidumu, nikafikiri nafanya vizuri. Alianguka karibu na mbabula, mguu ukaungua.

Mara ya pili shemeji yangu alinunua vidonge ng'ambo, vya miezi miwili, na karatasi ya daktari anayo. Wakati wa kurudi akapekuliwa, wakamwambia, "Mama, hii ni dawa ya kulevya, umeibeba kwa nani?" Vidonge vikabaki pale. Alipoeleza habari ya mtoto walimcheka. Nyumbani tuliona haya, kama vile tumekamatwa tunauza bangi.

Sikujua kama dawa ya mtoto wangu iko kwenye mkataba wa dunia. Kumbe si wale waliompekua shemeji pekee wanaoiita dawa ya kulevya.

---

Papa_Farmasi

Mama Neema, pole sana. Muuguzi, umesema kweli lakini acha nikuongezee upande wa makaratasi, maana ndiko niliko mimi tangu ujana wangu.

Dawa ya kawaida, tuseme amoksisilini, naiagiza, nalipa, inakuja. Fenobarbitali, diazepamu, morfini, haziendi hivyo. Kwa kawaida kila mzigo unadai kibali chake cha kuingiza, kinachotoka Kinshasa, chenye jina la dawa, uzito wake na muda wake. Muuzaji wa nje naye akipata kibali chetu anaomba cha kwao cha kutoa. Karatasi hizo mbili zikipishana hata kwa namba, mzigo unalala bandarini. Ukichelewa njiani, kibali kinakwisha muda, unaanza upya. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa Januari 2025, mzigo ukazunguka. Kila mzunguko ni siku, na karatasi haijui kwamba barabara imefungwa.

Matokeo yake ni kwamba wafanyabiashara wengi wa dawa hawaziagizi kabisa. Faida ni ndogo, fenobarbitali ni ya senti, na ukikosea unaitwa mlanguzi. Nani atajitia? Sheria haikunikataza kuuza Gardénal. Imenichosha tu. Na yule wa sinia hana kibali chochote cha kuomba, ndiyo maana yeye anazo.

Sasa sikilizeni jambo ambalo watu hawalijui. Kila mwaka nchi inapeleka makadirio Vienna, kwenye Bodi ya Kimataifa ya Kudhibiti Dawa za Kulevya: mwaka ujao tutahitaji morfini kilo kadhaa, na nyingine kadhaa. Mara nyingi makadirio yanatazama kilichotumika mwaka uliopita. Kama dawa haikuwepo, haikutumika. Kama haikutumika, inaonekana haihitajiki. Mwaka unaofuata tunaomba kidogo tena. Hilo nalo ni duara, Muuguzi, na ni dogo kuliko la kwako lakini linaua zaidi.

Kwa dharura kuna njia. Tangu 1996 Shirika la Afya Duniani lina mwongozo wa kupeleka dawa za aina hii kwenye vita na majanga kwa utaratibu uliofupishwa, bila kusubiri kibali cha nchi inayopokea pale ambapo mamlaka haiwezi kukitoa. Mashirika ya misaada yanaujua. Unasaidia wiki za kwanza za moto. Hauwezi kulisha mtoto wa Bagira vidonge vya miaka kumi.

---

Mchungaji_Nguba

Amani kwenu. Nimefuatilia yote kwa heshima, na Mama Neema nakuombea kwa jina la mtoto wako.

Lakini nitasema wazi. Mimi nimezika vijana wawili mwaka huu. Mmoja alikuwa mwimbaji wangu. Alianza na bangi, akaenda tramadoli, akamalizia na vidonge na kanyanga pamoja, akalala asiamke. Nikisikia watu wanasema sheria za dawa za kulevya ni mzigo, moyo wangu unashtuka. Kinshasa mwaka 2021 tuliona ile bombé, vijana wamesimama barabarani wameinama kama sanamu, unga uliosagwa kutoka ndani ya mabomba ya moshi ya magari. Anayelegeza kamba leo, kesho atanisaidia kuchimba kaburi?

Na nyinyi wa hospitali mnajua bangi inavyovuruga vichwa. Wangapi wanaletwa kwenu wanasikia sauti?

---

Muuguzi_Kadutu

Papa Mchungaji, pole kwa watoto wako. Hoja yako siipuuzi, kwa sababu hao vijana nawapokea mimi.

Ni kweli, kijana mwenye mbegu ya ugonjwa akivuta bangi nyingi na kali, hatari ya kusikia sauti inapanda. Hakuna mwenye kazi hii atakayebisha. Lakini tazama inavyokwenda pale mlangoni kwangu. Kijana analetwa ametoka kasho ya polisi, siku nne amelala sakafuni, amepigwa. Namuuliza, "Mdogo wangu, ulitumia nini?" Anasema, "Sikutumia kitu." Mama yake anasema, "Ni uchawi wa shangazi." Wote wawili wanajua ukweli, wanaogopa kwamba neno watakaloniambia litarudi kwa polisi. Mimi natibu gizani. Nikimpa haloperidoli, dawa ya wanaosikia sauti, bila kujua kwamba ana tramadoli mwilini, na tramadoli yenyewe inaweza kuleta degedege, nimemwongezea balaa juu ya balaa.

Na hapo ndipo utafiti unapofia pia. Siku moja wanafunzi walikuja na fomu za maswali wakitaka kujua vijana wangapi wanatumia nini. Swali la kwanza jina, la pili mtaa. Nani atajaza ukweli? Waliondoka na karatasi zilizosema Kadutu yote inakunywa maji.

Sitaki mtu auze bangi mbele ya kanisa lako, Papa. Nataka kijana aweze kuniambia alichokula bila kufungwa kwa kuniambia.

---

Mchungaji_Nguba

Hilo nakubali. Yule mwimbaji wangu hakuniambia hata mimi. Labda aliona mimi ni polisi mwingine.

---

Dokta_Lushi

Salamu kutoka Lubumbashi. Yaya Muuguzi, uzi mzuri, ila niruhusu nikupinge sehemu moja kwa sababu naona vijana humu wataondoka wakiamini kwamba sheria ndiyo kikwazo peke yake.

Chukua MDMA. Ilikuwa inatumiwa na baadhi ya watibu Marekani kabla ya 1985, mwaka serikali ilipoifunga kwa dharura. Jaji wa utawala, Francis Young, alipendekeza 1986 iwekwe Jedwali la III la sheria ya Marekani, ambayo ina majedwali yake yenyewe, ili madaktari waendelee kuitumia. Hakusikilizwa. Mwaka huohuo Rick Doblin akaanzisha shirika la kutafuta ushahidi, na ikachukua miaka thelathini na mitano kufikia majaribio makubwa. Ya 2021 yalikuwa na watu 90 wenye kiwewe kizito. Wote walipata mazungumzo ya tiba. Nusu pamoja na MDMA, nusu na kidonge kitupu. Mwishoni 67% ya waliopata dawa hawakuhesabiwa tena kuwa na ugonjwa, upande wa pili 32%. Mpaka hapo, hoja yako imesimama: miaka thelathini na mitano kwa jibu ambalo lingepatikana kwa kumi.

Lakini Agosti 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani ilikataa kuidhinisha. Sababu mojawapo: MDMA unaihisi. Aliyeimeza anajua, aliyemeza kidonge kitupu naye anajua, kwa hiyo matumaini yanachanganyika na dawa na huwezi kuyatenganisha. Mwezi huohuo jarida moja liliondoa makala tatu za utafiti wa awali wa MDMA kwa sababu ya mwenendo usio wa maadili katika kituo kimoja. Hilo si kosa la Jedwali la I. Mgonjwa aliyelewa dawa ya kumfungua moyo hawezi kujilinda, na mimi nikifikiria chumba hicho hapa kwetu, mama aliyebakwa, mtibu asiyesimamiwa, nasikia baridi mgongoni. Australia imeruhusu tangu 1 Julai 2023, kwa madaktari wa akili wenye kibali maalumu tu, na nadhani tahadhari yao ina maana.

Kitu kingine, na hiki ni chetu. Iboga. Kichaka cha misitu ya Afrika ya Kati, Gabon mpaka magharibi ya nchi yetu. Wana-Bwiti wa Gabon, wafuasi wa dini ya jadi ya Bwiti, wanatumia gamba la mizizi yake katika ibada tangu zamani, na Gabon iliitangaza hazina ya taifa mwaka 2000. Ibogaini inayotoka humo imefungwa Marekani katika Jedwali la I. Lakini Januari 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha habari za wanajeshi wastaafu 30 walioinywa Mexico pamoja na magnesi, wakapata nafuu kubwa ya kiwewe na sonona. Mwaka 2025 jimbo la Texas likatenga dola milioni 50 kwa utafiti wa ibogaini. Inaweza kuvuruga mapigo ya moyo na imeua watu, kwa hiyo mtu asiende kuitafuna. Ila jiulizeni: mmea ni wa misitu yetu, ujuzi ni wa wazee wetu, na maabara iko Texas.

---

Kijana_Essence

Dokta, hapo kwenye Texas umenichoma. Mimi nasoma saikolojia mwaka wa tatu. Swali langu: kwa nini majaribio ya kiwewe yafanywe na watu 90 wa Marekani, Kanada na Israeli wakati sisi tumejaa kiwewe hapa?

---

Dokta_Lushi

Mdogo wangu, umejaa kweli, na imepimwa. Mwaka 2010 jarida la JAMA lilichapisha uchunguzi wa watu wazima 998 wa Ituri na Kivu zote mbili. Nusu yao walikuwa na dalili za kiwewe, na 40.5% dalili za sonona.

Na majaribio yamefanyika kwenu pia, msijidharau. Hapo Kivu wanawake 405 waliopona ukatili wa kingono waligawanywa kwa vijiji: vingine walipata tiba ya mazungumzo ya pamoja ya kubadilisha mawazo, vingine msaada wa mtu mmoja mmoja. Matokeo yalichapishwa 2013. Baada ya miezi sita, 9% tu ya kundi la mazungumzo walikuwa bado na dalili za sonona au wasiwasi mkubwa, dhidi ya 42%. Waliotoa tiba hawakuwa madaktari. Walikuwa wasaidizi wa kijamii wa hapohapo, wengi wao wasio na chuo kikuu. Goma nako wapiganaji wa zamani walitibiwa kwa kusimulia maisha yao hatua kwa hatua, nayo ikachapishwa mwaka huohuo.

Mimi naona jambo moja hapo. Tiba ya maneno ilifika Kivu kwa sababu maneno hayaombi kibali. Tiba inayohitaji kidonge cha Jedwali la I haiwezi kufika mahali ambapo hata kidonge cha Jedwali la IV kinakosekana.

---

Papa_Farmasi

Dokta amelisema vizuri. Nami nirudi kwenye duara langu, maana usiku umekwenda na kuna jambo linaloweza kufanyika bila kumsubiri mkubwa yeyote.

Majirani wametutangulia. Uganda tangu 1993, alipoanza daktari Anne Merriman na hospisi yake, huduma ya kuwatuliza wagonjwa wasiopona, wanachanganya morfini ya unga na maji, wanaitia rangi kutofautisha nguvu, na inatolewa bure kwa wenye saratani. Mwaka 2004 sheria yao ikawaruhusu wauguzi waliofunzwa kuiandika. Muuguzi, sikia, wauguzi! Mkataba ni uleule wa 1961, nchi tofauti. Tanzania ilifungua kliniki ya metadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuacha heroini, katika hospitali ya Muhimbili Februari 2011, kidonda ambacho wengine walikiachia polisi. Na tarehe 2 Desemba 2020 nchi wanachama kule Vienna zilipiga kura 27 kwa 25 kuiondoa bangi kwenye jedwali kali kuliko yote la mkataba wa 1961, ili iweze kuchunguzwa kama dawa. Mikataba inasomeka na inapindika. Kinachokosekana kwetu ni mtu wa kwenda mezani na hesabu.

Hesabu hiyo ndiyo hatuna. Nimeshawahi kuulizwa, "Mji wa Bukavu unahitaji fenobarbitali kiasi gani?" Nikatoa nilichouza. Nilichouza si kinachohitajika! Waliorudi mikono mitupu sikuwaandika. Miaka yote hiyo nilikuwa nawaambia "hakuna, mama, pitia wiki ijayo," na hakuna kalamu iliyoshika hilo neno. Nalijutia.

Kuanzia Jumatatu nimeweka daftari kaunta. Kila anayekuja na karatasi ya daktari akakosa, naandika: tarehe, dawa, kipimo, siku ngapi amekosa. Jina siandiki. Nimewaomba wenzangu wanne wa Ibanda wafanye vivyo hivyo. Muuguzi, ya hospitali nakuachia wewe.

---

Muuguzi_Kadutu

Nimeanza leo, Papa. Nimeanza na yule seremala, nikarudi nyuma hadi pale kumbukumbu ya rejista inapofika. Kijana wa saikolojia, njoo Jumamosi unisaidie kujumlisha, huo ndio utafiti wako wa mwaka wa tatu.

---

Mama Neema, Bagira

Hata mimi nimenunua daftari la mia tano. Neema ndiye anayeandika, ana mwandiko mzuri kuliko wangu.

Jumanne: farmasi tatu, hakuna.
Jumatano: farmasi mbili, hakuna. Ameanguka mara moja usiku.
Alhamisi: tumepata vidonge kumi na nne.
Ijumaa: hajaanguka.

Ni sawa hivyo?

---

Papa_Farmasi

Ni sawa kabisa, mama. Mwambie Neema aongeze miligramu ngapi ameandikiwa kwa siku, tena aandike na farmasi zenyewe kwa mtaa. Mkifika mwisho wa mwezi nileteeni, nitanakili kwenye langu.